Duka la kuigiza katika chekechea: maswali ambayo walimu na wazazi wa Kisumu huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, na wa mzazi yeyote ambaye mtoto wake amefika nyumbani akitangaza kwamba leo aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, shuleni. Mifano mingi ni ya Kisumu kwa kuwa ndiko ninakofundisha, lakini aliye Kakamega, Bungoma au Nakuru atabadilisha bidhaa tu.

Duka la kuigiza ni nini, na linawafaa watoto wa umri gani?

Ni kona ya darasa iliyopangwa kama duka au kibanda cha soko, na watoto hugawana kazi wenyewe. Huyu anauza, yule amekuja kununua huku amembeba mwanasesere mgongoni, mwingine anasukuma mkokoteni wa mzigo, na siku nyingine hutokea askari wa kaunti akidai ushuru. Hakuna anayewakaririsha maneno ya kusema.

Umri wake hasa ni miaka 4 na 5. Wakati huo mtoto anaweza kushika gunzi la mahindi na kuliuza kama samaki, huku akijua vizuri kabisa kwamba ni gunzi. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky alilieleza jambo hili katika miaka ya 1930: kitu kimoja kinaposimama badala ya kingine, mtoto anaanza kutenga maana na kitu chenyewe. Ni uwezo huohuo atakaouhitaji herufi zitakapoanza kusimama badala ya sauti. Wa miaka 3 pia watakuja, ila wengi watajaza kikapu, wamwage, wajaze tena. Waache wajaze.

Darasa letu ni dogo na watoto ni 40. Duka litakaa wapi?

Meza moja kwenye pembe inatosha, au kreti mbili za soda zilizowekewa ubao juu. Wanaoingia kwa wakati mmoja wawe 4 au 5, wengine wakiwa kwenye kona zingine. Tundika vikapu vitano msumarini: asiyepata kikapu anajua duka limejaa, na hutalazimika kusimama mlangoni ukihesabu watu. Kama kuna mwembe uani, duka likae chini ya mwembe, lakini asubuhi. Jua la Kisumu la saa sita mnalijua.

Nianze na duka la aina gani?

Anza na duka ambalo watoto wako hutumwa. Kama utaliacha kila shauri lingine katika ukurasa huu, usiliache hili.

Vitabu vingi vya picha huonyesha duka kubwa lenye rafu ndefu, toroli na mashine ya kupiga hesabu. Mtoto wa mitaa yetu ya Nyalenda au Manyatta akipewa toroli hulisukuma kama gari, na mchezo unaishia hapo, kwa sababu hajui maneno yanayosemwa katika duka hilo. Mtoto huyohuyo mpe kibanda cha mama mboga uone. Anajua nyanya hupangwa kwa mafungu. Anajua sukuma wiki ukitaka unakatiwa papo hapo. Anajua mafuta ya kupikia hupimwa, mkate huuzwa hata nusu, na mteja mzuri haondoki bila kuomba nyongeza. Maneno yote anayo tayari, na duka la kuigiza huishi kwa maneno. Bidhaa ni kisingizio tu cha kuwafanya watoto wawili wazungumze.

Kabla ya kupanga chochote, wapeleke watoto kwenye kibanda kilicho karibu na shule. Muombe mwenye kibanda ruhusa siku moja kabla, na mwende saa ambayo hana wateja wengi. Wape jambo moja tu la kutazama, kwa mfano jinsi anavyopanga fungu la nyanya: tatu chini, moja juu. Mkirudi, waulize duka letu linahitaji nini, kisha uwasikilize wao. Utaambiwa kisu cha kukatia sukuma, ndoo ya maji ya kunyunyizia mboga, kiti cha kukalia na redio. Hakuna orodha ya vitabuni itakayokutajia redio, na kibanda bila redio kwao hakijakamilika.

Baada ya kibanda cha mboga, Kisumu ina meza ya samaki, na hapo mchezo hunoga zaidi. Watoto wanaofahamu ufuo wa Dunga au mabanda ya soko la Kibuye hutofautisha mbuta (sangara), ngege (sato) na omena bila kufundishwa. Walio upande wa Kakamega wanaweza kuwa na duka la mahindi, ndizi na miwa. Nakuru iwe viazi, karoti na maziwa. Kinu cha kusagia unga nacho hupendwa sana, hasa na watoto wanaofurahia kuiga mlio wa mashine.

Duka la dawa silipendekezi kwa umri huu. Mtoto wa miaka 4 hapaswi kuzoea kwamba vidonge ni vitu vya kuchezea.

Bidhaa tutazipata wapi bila pesa?

Majumbani. Andikia wazazi barua fupi uombe pakiti tupu za unga, majani chai, sabuni na chumvi, makopo ya plastiki na katoni. Pakiti ya unga ijaze magazeti, ubandike mdomo, itasimama kwenye rafu kama mpya. Zitafaa hata katika kusoma, kwani mtoto ambaye bado hajui herufi hutambua pakiti ya unga wanayotumia kwao kwa rangi na umbo la maandishi.

Nyanya, vitunguu na maembe finyangeni kwa udongo wa mfinyanzi, myakaushe kivulini taratibu yasipasuke, kisha myapake rangi. Mbuta ni gazeti lililokunjwa na kufungwa kwa uzi, likapakwa uji wa unga na karatasi nyeupe juu. Omena ndiyo kazi tamu kuliko zote: chukua pakiti tupu za krispi, zigeuze upande wa ndani unaong'aa, mzikate vipande vyembamba vya urefu wa kidole. Mkishapata kopo zima, mtoto akitia mkono na kuzichota, zinang'aa na kuteleza kama zenyewe. Kukata huko pia ni mazoezi ya vidole kwa mkono utakaoshika penseli.

Wavu wa kuanikia omena ufanywe kwa mfuko wa vitunguu. Chandarua cha zamani kisitumike, kwa kuwa vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa mtoto mdogo ni hatari ya kukosa hewa. Tumieni vikapu, mifuko ya kitambaa au magazeti.

Kwa nini tusitumie mboga, unga na maharagwe halisi?

Darasani mwako huenda kuna mtoto aliyekuja bila kunywa chai. Kumwambia acheze na unga ambao kwao haupo ni kumuumiza, hata asiposema. Mimi chakula kinacholiwa huwa sikiweki dukani, isipokuwa siku ambayo kitaliwa: ndizi zinaletwa, zinauzwa, zinahesabiwa, kisha kila mtu anakula yake.

Kwa kupima, mchanga mkavu unafaa kuliko mahindi. Maharagwe mabichi yana sumu yakitafunwa, na huingia puani na masikioni kwa urahisi.

Ni vitu gani visiingie kabisa?

Chupa au mkebe uliowahi kubeba mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia mimea, asidi au jiki, hata ukioshwa mara mia. Makopo ya bati yenye ukingo unaokata. Mbegu za mbarika, ambazo zina sumu kali, na nyingi huota pembeni mwa viwanja vya shule. Chochote kinachoweza kupita kooni, iwapo wadogo wa miaka 3 nao huja kucheza.

Simu mbovu na kikokotoo kikuukuu toa betri kwanza. Zile betri ndogo za duara kama kitufe zikimezwa huunguza koo la mtoto kwa muda wa saa chache tu. Mtoto aliyemeza betri ya namna hiyo anakimbizwa hospitalini mara moja, hakuna kungojea aonyeshe dalili.

Pesa za mchezo tutengeneze vipi?

Usitoe kopi za noti halisi. Unaweza kujiingiza matatani kisheria, na isitoshe, watoto wakichora pesa zao wenyewe huzithamini zaidi. Kwa PP1 tumieni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, kila kimoja shilingi moja, na bei zote ziwe kati ya shilingi 1 na 5. PP2 waende hadi 10.

Sarafu halisi ziletwe siku ambayo mwalimu amekaa nao, zihesabiwe kabla na baada. Zilizotolewa kuanzia Desemba 2018 zinawafaa sana wasiojua kusoma, kwa kuwa kila moja ina mnyama wake: twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa 5, simba kwa 10 na tembo kwa 20. Mtoto atakuambia "nina simba wawili" muda mrefu kabla hajajua kwamba hiyo ni thamani ya tembo mmoja. Za zamani zenye picha za marais bado zinatumika, kwa hiyo zionyeshe pia.

Watoto wangu wanataka kulipa kwa simu. Niwaruhusu?

Kwa nini usiwaruhusu? M-Pesa ilianza Machi 2007, na watoto hawa hawajawahi kuona soko lisilo na simu. Kata ubao au katoni ukubwa wa simu, chora vitufe. Bandika kwenye kibanda kikaratasi chenye namba ya kulipia. Hapo utamwona mnunuzi akibonyeza namba moja baada ya nyingine huku akizitaja, na muuzaji akikataa kutoa mzigo hadi ujumbe uingie. Kusoma tarakimu kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka hata moja, ni somo ambalo ubaoni lingekuchukua juma zima. Waambie tu kwamba namba ya siri haitajwi kwa sauti.

Wa miaka 4 hajui kujumlisha. Atauza vipi?

Kujumlisha hakuhitajiki bado. Kinachohitajika ni kuhesabu kweli, na kuhesabu kweli ni tofauti na kuimba namba. Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza mwaka 1978 kanuni ambazo mtoto huzishika anapojifunza kuhesabu. Mbili kati ya hizo zinaonekana wazi dukani: kila kitu kimoja hupewa namba moja tu, na namba ya mwisho iliyotajwa ndiyo idadi ya vitu vyote. Mwambie mtoto anayeimba mpaka 20, "Nipe nyanya tatu." Wengi watachota kiganja kizima. Hapo umejua alipofika, na hukuhitaji kumpa mtihani. Mnunuzi mwenzake ndiye atakayemsahihisha: "Nimesema tatu, hizi ni nyingi!"

Mafungu yana hesabu nyingine ndani yake. Kila fungu lazima lilingane na jirani yake, la sivyo wateja watagombania lile kubwa. Watoto husogeza nyanya kutoka fungu hili kwenda lile mpaka yatoshane, na mgawanyo sawa wa vitu umeshaanza.

Halafu kuna gorogoro. Ule mkebe wa kilo mbili watoto wote wanaujua, na wanajua pia ugomvi wake: ujazwe hadi ukingoni au hadi uwe na kilele? Weka gorogoro, kopo dogo na ndoo ya mchanga, uulize makopo mangapi yatajaza gorogoro. Wakadirie kwanza ndipo wapime. Akitokea mtoto akasema mkebe wa fulani umebonyezwa kwa chini, msifu mbele ya wenzake, kwa maana ameelewa ujazo kuliko watu wazima wengi wanaopunjwa sokoni.

Mizani tengeneza kwa henga ya nguo. Tundika henga msumarini, funga makopo mawili ya plastiki yanayofanana kwa nyuzi zenye urefu sawa, moja kila upande. Yakiwa matupu yakapinda, bandika kipande cha udongo upande mwepesi mpaka yalingane. Jiwe moja liwe ndiyo "kilo".

Mimi mwalimu nikae wapi wakati wanacheza?

Siku za mwanzo, kaa karibu na uingie kama mteja. Sara Smilansky, aliyechunguza michezo ya kuigiza ya watoto nchini Israel na kuchapisha kazi yake mwaka 1968, alionyesha kwamba watoto ambao mchezo wao hukatika haraka hucheza vizuri zaidi mtu mzima anapoingia kidogo na kuwasaidia. Neno la kushika hapo ni kidogo.

Kuna namna mbili za kuingia. Ya kwanza ni ya mwalimu aliyeinama juu ya meza akiuliza, "Hii ni rangi gani? Ziko ngapi? Sema kwa sentensi kamili." Duka limefungwa, umefungua mtihani. Namna ya pili huenda hivi:

"Mama, omena ya jana ilikuwa na mchanga."

"Hii haina mchanga, mama. Hebu tazama."

"Sawa, naona. Nipimie ya shilingi tano."

"Ya tano imekwisha. Iko ya kumi."

"Basi nipe hiyo, lakini uniongeze kidogo."

"Nimeshakuongeza. Ona, imejaa."

Lalamiko moja tu la mteja limemlazimisha muuzaji kutetea bidhaa, kuonyesha na kupanga bei. Lipa, shukuru, ondoka. Ukibaki hapo wataanza kukutazama wewe badala ya kutazamana.

Mchezo ukilegea, leta tatizo badala ya kuleta bidhaa mpya. Mvua imenyesha sokoni. Chenji imekosekana. Omena hakuna leo: uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, na watoto wa wavuvi wanalijua hilo vizuri. Je, mteja atapika nini?

Watoto wanacheza kukopa. Niwakataze?

Hapana, tena mpe muuzaji daftari na penseli. Mnunuzi anasema, "Mama atalipa jioni." Muuzaji anafungua kitabu, anachora mistari iliyojikunja kutoka kushoto kwenda kulia, anafunga. Kesho yake mwulize ameandika nini, atakusomea pasipo wasiwasi: "Mama Baby anadaiwa unga." Hajui herufi hata moja, lakini amejua maandishi ni ya kazi gani: kuhifadhi neno lisipotee. Usimsahihishe. Herufi zitakuja, na zitamkuta ana sababu ya kuzitaka.

Hata hivyo, watoto huigiza walichokiona nyumbani, likiwemo deni lililoleta ugomvi. Yabaki darasani. Usiyapeleke kwenye chumba cha walimu wala kwa jirani. Ukiona jambo la kukutia wasiwasi juu ya usalama wa mtoto, mweleze mwalimu mkuu faraghani.

Tutumie lugha gani?

Lugha inayokuja. Sera ya elimu inataka lugha ya eneo itumike katika elimu ya awali na madarasa ya chini, na soko lenyewe halina lugha moja. Muuzaji wa Kibuye humkaribisha mteja kwa Dholuo, akataja bei kwa Kiswahili, na jirani yake akaongea Kiluhya. Mtoto anayehamahama hivyo katika mchezo anafanya kile watu wazima wake hufanya. Ukitaka aongeze maneno ya Kiswahili, yaseme wewe ukiwa mteja: kilo, robo, bei nafuu, chenji. Utayasikia yakirudi.

Mtoto mmoja anataka kuwa muuzaji kila siku. Mwingine hasemi neno.

Muuzaji ana aproni. Aproni ikivuliwa, zamu imekwisha, na hilo watoto hulikubali kwa urahisi kuliko amri ya mwalimu. Anayeng'ang'ania mpandishe cheo: awe wa kuleta mzigo kutoka shambani, aamue alete nini.

Mkimya asisukumwe. Mpe kazi yenye mikono, kama kupanga mafungu, kunyunyizia mboga au kupima mchanga. Atasikiliza siku kadhaa, kisha atasema "imekwisha" au "lete pesa", na hayo ni mazungumzo kamili sokoni. Asiyeona vizuri mpe bidhaa za kunusa na kupapasa, kama dania, limau na gunzi. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji meza ambayo magoti yake yataingia chini yake, hivyo pima meza kabla hujapanga duka.

Wavulana wangu wanasema kuuza mboga ni kazi ya mama.

Mwalike mwanamume anayeuza. Wako wengi sokoni. Aje dakika kumi, apange nyanya mbele yao.

Mzazi ameniuliza kwa nini alipe karo ili mtoto acheze duka. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa maneno, mwite aje anunue. Akikaa robo saa atasikia hesabu na atamwona mtoto wake akisimama na kujieleza kwa mtu mwingine. Akitaka kujua mtaala unasemaje, mwonyeshe: shughuli za hisabati, za lugha na za mazingira ni sehemu ya mtaala wa umilisi, ambao PP1 na PP2 waliupata nchi nzima mwaka 2019, na zote tatu zimo dukani. Kama mzazi huyo ana kibanda, mwombe awafundishe watoto jinsi ya kufunga dania kwa vishada. Mtoto wake atatembea kifua mbele juma zima.

Duka likae muda gani?

Wiki mbili hadi nne. Ukiona wanarudia maneno yaleyale, waulize kama duka lihame. Mboga zigeuke samaki, samaki wageuke kinu.

Darasa letu hutumika kama kanisa Jumapili. Tuhifadhi vipi?

Kila duka liwe na katoni yake yenye picha nje, ili watoto wenyewe wafunge na kufungua. Acha dakika kumi za kufunga duka, kwani kupanga pakiti na pakiti, makopo na makopo, ni kazi ya akili pia. Katoni zisikae chini kwenye sakafu ya udongo: mchwa watazimaliza. Zipandishe juu ya matofali mbali na ukuta, na kuanzia Machi mvua za masika zinapoingia, bidhaa za gazeti zianikwe nje kila panapotoka jua, la sivyo mbuta wenu ataota ukungu.